Kupanda Vilima kwa Afya ya Moyo

Ndugu msomaji, kama unakaa Tshangalele kando ya ziwa, au kama unakaa mjini Likasi, vilima unaviona kila siku. Labda hujafikiri kamwe kwamba kilima chaweza kuwa dawa. Wazee wetu walipanda vilima hivi kwa ajili ya kazi: kuwinda, kukata miti, kutafuta uyoga na asali, na kuchimba mawe ya kijani yenye shaba. Hakuna aliyepanda ili apande tu. Hata leo, mtu akikuona unapanda asubuhi mikono mitupu, atakuuliza, "Unatafuta nini huko juu?" Somo hili litakupa jibu la kumpa: "Natafuta nguvu ya moyo wangu."

Soma polepole. Kama kuna mtu nyumbani asiyejua kusoma, msomee.

1. Ugonjwa usiopiga kelele

Zamani mtu alikwenda shambani kwa miguu, akaenda kuwaona jamaa kwa miguu, akarudi kwa miguu. Leo tunapanda pikipiki hata kwa safari ya dakika kumi. Karani hukaa kitini siku nzima. Mshonaji hukaa mbele ya cherehani yake, na mwuzaji hukaa mbele ya meza yake sokoni. Hata mvuvi wa ziwani, ambaye mikono yake na mabega yake hufanya kazi ngumu, hukaa ndani ya mtumbwi na miguu yake imekunjwa. Jioni tunakula bukari nyingi, tunakunywa chai yenye sukari nyingi, tunalala. Tumbo linakua, na watu wanatusifu: "Umenona! Mambo yako ni mazuri!"

Lakini ndani ya mwili mambo si mazuri. Damu inasukumwa kwa nguvu mno katika mishipa. Hiyo ndiyo presha. Au sukari inazidi katika damu, na huo ndio ugonjwa wa sukari. Magonjwa haya mawili yana hila moja: mwanzoni hayaumi. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye presha hawajui kwamba wanayo. Mtu anakwenda kazini, anacheka, anaimba katika kwaya. Halafu siku moja anaanguka. Mdomo umepinda, mkono mmoja na mguu mmoja havina nguvu. Jamaa wanaulizana ni nani aliyemroga. Kumbe hakuna aliyemroga. Presha ilikuwa ikiharibu mishipa yake kwa miaka mingi, bila kelele.

Chumvi nyingi, tumbaku, pombe na unene huongeza hatari hiyo. Kukaa bila kutembea pia huiongeza, na juu ya kukaa huko kilima chaweza kutusaidia sana.

2. Somo lililotoka katika mabasi ya London

Mwaka 1953 munganga mmoja wa Uingereza, jina lake Jeremy Morris, pamoja na wenzake, walitangaza jambo walilolichunguza katika mabasi ya London. Mabasi yale yalikuwa ya ghorofa mbili. Katika kila basi walifanya kazi watu wawili. Dereva alikaa kitini saa zote za kazi. Kondakta alitembea kati ya viti akikata tiketi, na alipanda na kushuka ngazi za basi mara nyingi sana, mamia ya vidato kila siku.

Watu hawa wawili walifanya kazi katika basi moja na mji mmoja. Lakini waganga waliona kwamba makondakta walishikwa na ugonjwa wa moyo mara chache kuliko madereva, na tena walioshikwa hawakuugua vikali kama madereva. Tangu wakati ule uchunguzi mwingine mwingi katika nchi nyingi umeonyesha jambo lile lile: miili inayotembea huugua moyo mara chache kuliko miili inayokaa.

Kwa nini? Moyo ni msuli kama msuli wa mguu au wa mkono. Msuli usiotumika hudhoofika. Unapopanda, kila hatua inainua uzito wote wa mwili wako. Misuli mikubwa ya mapaja inadai damu, na moyo unaitikia kwa kupiga kwa nguvu. Ukifanya hivyo mara kwa mara, moyo hujifunza kusukuma damu nyingi kwa pigo moja. Ndipo wakati wa kupumzika hauna haja ya kupiga mbio. Mishipa nayo hulegea na kupanuka vizuri, na presha hushuka. Kwa watu wenye presha, kutembea kwa bidii kila juma kwaweza kushusha ile namba ya juu ya kipimo kwa 5 hadi 8. Tena misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka katika damu na kuitumia kama moto unavyotumia makala. Kwa hiyo mwenye ugonjwa wa sukari hupata faida pia.

Sisi hapa hatuna mabasi yenye ghorofa. Lakini tuna vilima, na kilima ni ngazi isiyolipiwa.

3. Somo hili ni la nani?

Si kila mtu anahitaji kuambiwa apande kilima. Mama anayebeba gunia la makala kichwani, au anayechota maji mbali mara tatu kwa siku, amekwisha kufanya kazi ya mwili kupita kiasi. Yeye anahitaji chakula cha kutosha na pumziko, na watu wa nyumbani mwake wamsaidie mzigo. Vilevile mtu asiyekula vya kutosha asijiongezee kazi.

Somo hili ni kwa yule ambaye siku yake hupita kitini, katika duka, katika ofisi, katika gari au mtumbwini. Ni kwa yule anayehema akipanda mteremko mdogo wa barabara. Ni kwa wanaume na wanawake, vijana na wazee. Miaka 60 si kizuizi, ila mzee aanze polepole zaidi.

Watu wafuatao waonane na munganga au muuguzi kabla ya kuanza:

(a) Mwenye maumivu ya kifua, au anayezimia, au anayekosa pumzi usiku akilala.
(b) Mwenye presha au ugonjwa wa sukari, hasa yule anayepigwa sindano za insulini.
(c) Mwenye miguu inayovimba.
(d) Mwenye ugonjwa wa damu wa SS, yaani ule wa kuzaliwa nao unaoleta maumivu makali ya mifupa. Kwake, kuchoka sana na kukosa maji kwaweza kuamsha maumivu hayo.
(e) Mwanamke mwenye mimba.
(f) Anayekohoa kwa majuma mawili au zaidi. Huyu apimwe kifua kikuu kwanza.

Na mtu mwenye homa asipande. Atibiwe malaria yake, apone, halafu aanze tena taratibu.

Ukipimwa presha kabla ya kuanza, andika namba zako katika daftari. Baada ya miezi mitatu upimwe tena. Lakini sikia neno hili: usiache dawa zako kwa sababu unajisikia vizuri. Munganga ndiye atakayesema kama dawa yaweza kupunguzwa.

4. Majuma manane ya kwanza

Wengi huanza kwa kosa moja. Siku ya kwanza mtu hupanda kilima kirefu kwa mbio ili ajionyeshe kuwa ana nguvu. Siku ya pili hawezi kushuka kitandani. Siku ya tatu anasema, "Jambo hili si langu," anaacha. Mwili hauzoei kwa siku moja. Uuzoeze kama unavyomfundisha mtoto kusoma, herufi kwanza.

Juma la 1 na la 2: Tembea mahali tambarare dakika 15 hadi 20, siku tano katika juma. Watu wa Tshangalele wana njia nyingi tambarare karibu na ziwa. Zinafaa sana kwa mwanzo.

Juma la 3 na la 4: Tembea dakika 30, siku tano. Chagua njia inayopanda kidogo kidogo.

Juma la 5 na la 6: Siku tatu utembee mahali tambarare dakika 30. Siku mbili upande kilima kidogo, ukipumzika kila unapohitaji. Kati ya siku hizi mbili za kupanda, pitisha siku moja au mbili.

Juma la 7 na la 8: Endelea hivyo, lakini mara moja katika juma upande kilima kwa muda wa saa moja, kwenda na kurudi.

Ukiona juma moja limekuwa gumu, lirudie. Hakuna anayekufukuza. Shirika la Afya Duniani lashauri kila mtu mzima afikishe angalau dakika 150 za mwendo wa bidii ya kiasi katika juma. Ukifuata mpango huu utazifikia.

Utajuaje kama mwendo wako ni wa kiasi? Hakuna haja ya chombo chochote. Ukiweza kusema na mwenzako, lakini huwezi kuimba, mwendo wako ni mzuri. Ukiweza kuimba beti zote bila shida, ongeza mwendo. Ukishindwa hata kusema maneno matano, punguza mwendo au simama.

5. Namna ya kupanda na namna ya kushuka

Unapopanda, fupisha hatua zako. Weka unyayo wote chini, si vidole tu. Inama mbele kidogo, lakini usikunje mgongo. Pumua kwa utaratibu. Kilima kikiwa kikali, usipande wima. Pita upande huu, kisha upande ule, kama njia za mbuzi. Fimbo ni rafiki mwema, wala si aibu ya uzee.

Watu hudhani kushuka ni rahisi. Kwa moyo ni rahisi, lakini kwa mapaja na magoti ni kazi kubwa, kwa sababu misuli inafanya kazi ya breki. Maumivu ya mapaja yanayokuja siku moja au mbili baadaye mara nyingi hutoka katika kushuka. Hayo si ugonjwa, yatapita yenyewe. Shuka polepole, magoti yakunjwe kidogo, hatua ziwe fupi. Usikimbie. Wengi huvunjika kifundo cha mguu wakati wa kushuka, wanapofikiri kwamba kazi imekwisha.

6. Si kila kilima ni kizuri

Hapa kwetu jambo hili ni la maana sana, kwa maana nchi yetu ni nchi ya madini.

Kwanza, jihadhari na mashimo. Huenda umeona kwamba vilima vingine havina miti mikubwa juu yake, majani tu. Mara nyingi hapo pana shaba, kwa sababu shaba nyingi katika udongo huzuia miti isikue. Wazee walizijua alama hizo, nao wachimbaji wa leo wanazijua pia. Kwa hiyo kilima cha namna hiyo chaweza kuwa na mashimo ya kale na mashimo mapya, na majani huyafunika. Fuata njia inayotumiwa na watu. Usikate njia yako mwenyewe katika majani marefu, wala usiingie ndani ya shimo kutazama.

Pili, usipande vilima vilivyotengenezwa na viwanda, yaani malundo ya taka za migodi. Vumbi lake si vumbi la kawaida. Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walitangaza kwamba watu wa Katanga wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya madini walikuwa na kobalti nyingi mno katika mkojo wao, na watoto zaidi. Mtu anayehema sana huvuta vumbi nyingi. Basi nenda upande ambao upepo hauleti vumbi la viwanda wala la barabara ya magari makubwa. Ukirudi nyumbani nawa mikono na uso kabla ya kula.

Tatu, usikaribie Shinkolobwe, magharibi ya Likasi. Mgodi ule ulitoa urani, madini yanayotupa miali isiyoonekana inayodhuru mwili. Serikali iliufunga mwaka 2004, na mwaka ule ule sehemu ya mgodi iliporomoka ikaua watu waliokuwa wakichimba. Mahali pengine popote palipozuiliwa na serikali au kampuni, usiingie.

Nne, angalia majira. Tangu Mei hadi Septemba mvua hainyeshi, asubuhi ni baridi, njia ni kavu. Huo ndio wakati mzuri wa kuanza. Lakini miezi ya mwisho ya kiangazi watu huchoma majani. Ukiona moshi ulio karibu, rudi. Katika majira ya mvua panda asubuhi, kwa maana radi hupenda kuja mchana. Ukisikia ngurumo, shuka upesi kutoka kileleni. Usijikinge chini ya mti uliosimama peke yake. Ngoja nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.

Tano, nyoka. Vaa viatu vilivyofunika mguu, tazama unapokanyaga, na usitie mkono katika tundu la kichuguu wala chini ya jiwe. Aliyeumwa na nyoka apelekwe hospitali mara moja. Usimchanje wala usimfunge kamba ya kukaza.

7. Maji, chakula na mavazi

Chukua chupa ya maji yaliyochemshwa. Kunywa kidogo kidogo kabla hujasikia kiu kali. Usinywe maji ya mto wala ya ziwa njiani. Na baada ya kushuka, usitie miguu yako katika maji yaliyotulia yenye majani na konokono ili kuipoza. Huko ndiko ugonjwa wa kichocho unakopatikana. Pooza miguu nyumbani kwa maji safi.

Usipande na tumbo lililojaa bukari. Ngoja saa mbili. Wala usipande na njaa. Ndizi moja au kikombe cha uji yatosha. Mwenye ugonjwa wa sukari anayetumia dawa achukue mfukoni sukari au peremende. Akianza kutetemeka na kutoka jasho la baridi, ale mara moja, kisha apumzike.

Huna haja ya mavazi ya fedha nyingi. Viatu vinavyoshika mguu vizuri, soksi, kofia na nguo nyepesi vyatosha. Mwenye ugonjwa wa sukari aichunguze miguu yake kila jioni, kwa maana kidonda kidogo kwake chaweza kuwa kikubwa bila maumivu.

8. Usiende peke yako

Mtu anayepanda peke yake akivunjika mguu, nani atajua? Nendeni wawili au watatu, na mmwambie mtu wa nyumbani ni kilima gani mnakwenda na saa gani mtarudi. Kuna faida nyingine. Siku unayoona uvivu, mwenzako atabisha hodi mlangoni, nawe utaona haya kubaki kitandani. Mume na mke waweza kwenda pamoja. Kwaya yaweza kwenda pamoja Jumamosi. Mwendo wenu uwe mwendo wa yule aliye dhaifu kuliko wote.

Tena kupanda kuna furaha yake. Kutoka juu unaiona nchi ilivyokaa. Mahali unapoweza kuliona ziwa, kumbuka kwamba si la zamani sana. Lilitokea mto Lufira ulipozuiliwa kwa bwawa huko Mwadingusha, ambako mitambo ya umeme ilianza kazi mwaka 1930. Katika bonde hili anakaa ndege mdogo wa manjano, wa jamii ya mnana, ambaye wataalamu walimpa jina lake la kisayansi mwaka 1982, na bado hawajui mahali pengine anapokaa ila bonde la Lufira. Watoto wakienda nawe, wafundishe kutazama ndege, maua na mawe. Mwendo wenye jambo la kutazama hauchoshi upesi.

9. Utaona nini baada ya miezi mitatu?

Chagua kilima kimoja kiwe kipimo chako. Andika katika daftari umetumia dakika ngapi kufika juu, na umesimama mara ngapi. Kila mwezi andika tena. Tena, asubuhi kabla ya kuondoka kitandani, hesabu mapigo ya moyo wako kwa dakika moja, kwa vidole viwili juu ya kiwiko cha kiganja. Kwa wengi namba hupungua kadiri moyo unavyopata nguvu. Usingizi utakuwa mzuri zaidi. Mkanda wa suruali utalegea.

Lakini nguvu hii haiwekwi akiba. Ukiacha kwa majuma machache, huanza kupungua. Kwa hiyo ni afadhali kilima kidogo kila juma kuliko kilima kikubwa mara moja kwa mwaka.

10. Alama za kusimama mara moja

Simama, keti, na utafute msaada ukisikia:
- uzito au maumivu yanayobana kifua, hata yakienda mkononi au tayani;
- kizunguzungu, au macho kuona giza;
- pumzi isiyorudi baada ya kupumzika dakika kumi;
- moyo kupiga bila utaratibu.

Na wakati wowote, kilimani au nyumbani, mtu akipinda mdomo, akikosa nguvu mkono mmoja, au akishindwa kusema vizuri, mpeleke hospitali saa ile ile. Msimngojee apate nafuu, wala msimpeleke mahali pengine kwanza. Kila saa inayopita inapoteza sehemu ya akili yake na ya viungo vyake.

Maswali ya kukumbuka somo

1. Kwa nini mtu mwenye presha aweza kujiona mzima?
2. Makondakta wa London walifanya nini kila siku ambacho madereva hawakufanya?
3. Ni watu gani waonane na munganga kabla ya kuanza kupanda?
4. Utajuaje bila chombo kwamba mwendo wako ni wa kiasi?
5. Kwa nini tusipande malundo ya taka za migodi?
6. Taja alama tatu za kusimama mara moja.
7. Presha yako ni ngapi? Kama huwezi kujibu swali hili, basi hatua yako ya kwanza si ya kwenda kilimani. Njoo upimwe kwanza.